Baba na Mwana Katika Mawindo ya Ayala

Wasomaji wetu wengi wamelikuta jina la ayala katika Zaburi, lakini waliomwona mnyama mwenyewe kwa macho ni wachache, maana hakai katika nchi zetu. Katika bara zima la Afrika ayala wa asili hupatikana upande wa kaskazini tu, katika misitu ya mpaka wa Algeria na Tunisia. Sisi tunao paa, swala, kulungu na tandala, nao wamfanana kwa miguu myembamba, kwa masikio yasiyotulia, na kwa wepesi wa kukimbia. Tofauti iliyo kubwa ni pembe. Pembe za kulungu hazina matawi, na akiisha kuziota hukaa nazo hata kufa kwake. Pembe za ayala dume hutoa matawi kama mti uliopukutika majani, na kila mwaka huanguka zote mbili, nyingine zikaota mahali pake.

Ayala tutakayeeleza habari zake ni yule wa Marekani aitwaye Mkia Mweupe, kwa sababu akishtuka huuinua mkia wake, na weupe wa chini yake huonekana mbali msituni. Katika Wisconsin, jimbo la kaskazini lenye misitu na maziwa mengi, kila mwaka mwezi wa Novemba ziko siku 9 za kumwinda kwa bunduki. Siku hizo baba huondoka nyumbani kabla ya mapambazuko, mwanawe akamfuata nyuma, wakaenda kuketi kimya chini ya mti katika baridi kali. Mama naye huenda, na binti vilevile. Kwa watu wengi wa huko siku hizo ni kama sikukuu ya jamaa, na mtu mzima hukumbuka mwaka aliochukuliwa mara ya kwanza kama vile sisi tukumbukavyo mwaka tulioingia shule.

Twataka kuonyesha desturi hii ilivyotoka na ilivyobadilika, maana ndani yake limo swali ambalo kila mzazi hulijibu, akijua au asijue: mtoto afundishwe nini kwanza, kuua au kuacha?

Wenyeji wa kwanza wa nchi hiyo, kama vile Waojibwe, walimwinda ayala kwa upinde na kwa mitego karne nyingi kabla ya bunduki kufika. Nyama yake ilikuwa chakula, ngozi yake nguo na viatu, mishipa yake nyuzi za kushonea, na mifupa yake vyombo vya kazi. Mtoto alianza na wanyama wadogo, kama ndege na sungura. Siku alipoua mnyama wake wa kwanza, wazazi wake walifanya karamu, wakawaita wazee na majirani, na nyama ikagawiwa watu. Hivyo jambo la kwanza alilojifunza mwindaji mdogo lilikuwa kwamba alichokipata si chake peke yake. Alisifiwa, lakini alisifiwa mbele ya watu waliokula jasho lake.

Wazungu waliohamia Marekani walitoka katika nchi zenye desturi nyingine kabisa. Huko Uingereza ayala alikuwa mnyama wa mfalme. Mfalme William, aliyeishinda nchi hiyo mwaka 1066, alitenga misitu mikubwa kwa mawindo yake, na mmoja wao, uitwao New Forest, uliwekwa karibu na mwaka 1079 na ungaliko hata leo. Adhabu za mtu aliyeua ayala wa mfalme zilikuwa za kutisha, hata mwaka 1217 ilipotolewa Hati ya Misitu, ambayo ilisema kwamba tangu hapo mtu asipoteze uhai wala kiungo cha mwili kwa ajili ya nyama ya mwitu. Walakini mwaka 1723 ikatungwa sheria nyingine kali, na kuwinda ayala kwa siri, hasa kwa kuficha uso, kukawa tena kosa liwezalo kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Basi mkulima maskini wa Uingereza hakuweza kumchukua mwanawe kwenda kuwinda ayala, ila kama mwizi anayemfundisha mwanawe wizi.

Tukikumbuka hayo twaweza kufahamu furaha ya watu hao walipofika ng'ambo ya bahari, wakakuta misitu isiyo na mfalme. Baba aliye maskini aliweza kuchukua bunduki, akamwita mwanawe, akaleta nyama nyumbani mchana kweupe. Tangu hapo kuwinda ayala kulihesabiwa kuwa alama ya uhuru, na hata leo Mmarekani akisikia neno la kuzuiwa mawindo, moyoni mwake husikia habari za mfalme.

Lakini uhuru usio na mpaka ulileta hasara. Dalili zilionekana mapema, hata mji wa Portsmouth katika Rhode Island uliweka majira ya kutowinda ayala tangu mwaka 1646. Katika karne ya 18 meli zilipakia ngozi za ayala kwa makumi ya maelfu kutoka bandari ya Charleston kwenda Uingereza. Katika karne ya 19 zikaja reli, na mwindaji wa kaskazini akaweza kupeleka nyama sokoni katika miji mikubwa kama Chicago. Hapo wengi hawakuwinda tena kwa ajili ya chungu cha nyumbani. Waliwinda kwa fedha, usiku kwa taa na mchana kwa mbwa, majike yenye mimba na watoto wao pamoja. Misitu nayo ilikatwa kwa ajili ya mbao. Wataalamu wakadiria kwamba karibu na mwaka 1900 ayala waliosalia katika nchi nzima ya Marekani walikuwa kama 300,000 hadi 500,000 tu. Katika jimbo la Vermont walikuwa wamekwisha karibu wote, hata mwaka 1878 watu walileta ayala 17 kutoka New York, wakawafungulia msituni ili waanze kuzaana upya.

Wisconsin haikukaa bila sheria. Mwaka 1851 iliweka majira ya kufunga mawindo. Mwaka 1887 iliajiri askari wa wanyama, lakini walikuwa wawili tu kwa jimbo zima. Mwaka 1897 iliamuru kila mwindaji awe na leseni, na mwenyeji alilipa dola 1, asiue zaidi ya ayala 2. Mwaka 1915 hesabu ilishushwa hata dume 1. Sheria zilikuwa nzuri, lakini msitu ni mkubwa na askari ni wachache. Baba akiivunja sheria mbele ya mwanawe, askari hayuko, wala hakimu hayuko. Yuko mtoto, naye anatazama.

Hapa twafika katika habari ya baba mmoja na mwanawe ambayo yafaa ijulikane na wazazi wote. Katika mji wa Burlington, katika Iowa, kando ya mto Mississippi, alikaa mtu jina lake Carl Leopold, mwenye kiwanda cha kutengeneza meza za kuandikia. Alipenda sana kuwinda, hasa bata wa mwitu waliopita juu ya mto ule kila mwaka, wakienda kaskazini katika majira ya kuchipua kwa majani na kurudi kusini kabla ya baridi. Mwaka 1887 alizaliwa mwanawe wa kwanza, Aldo, naye alipokuwa angali mtoto, baba alimchukua mara nyingi mabondeni, akimwonyesha nyayo, mashimo na viota.

Carl Leopold aliona kwamba bata wanapungua mwaka kwa mwaka. Wakati ule sheria ilimruhusu mtu kuwaua hata walipokuwa njiani kwenda kutaga mayai. Yeye alikata shauri peke yake kutowinda tena katika majira yale. Hakungoja serikali, wala hakusema kwamba akiacha yeye wengine watawaua vilevile. Sheria ya Marekani yote iliyokataza mawindo ya majira hayo ilikuja mwaka 1913, ikatiwa nguvu na nyingine ya mwaka 1918. Hivyo mtoto Aldo alikuwa ameiona sheria ile ikishikwa nyumbani kwao miaka mingi kabla haijaandikwa.

Aldo alipopewa ruhusa ya kuwinda kwale kwa bunduki ya marisau, baba alimtilia sharti moja: asimpige kwale aliyetua mtini, ila aliye katika kuruka. Mbwa wa kijana yule alikuwa hodari wa kuwafukuza kwale hata wakatua juu ya matawi, ambapo hata mtu asiye na shabaha aweza kuwapata. Walakini kijana alimwacha ndege aliyetua, akampiga risasi yule arukaye na kumkosa, akarudi mikono mitupu. Alipokuwa mzee aliandika kwamba sharti lile lilikuwa zoezi lake la kwanza la adili. Tutazame vema hekima ya baba huyu. Hakumhutubia mwanawe habari za wema. Alimwekea mpaka mmoja mwepesi kufahamika na mgumu kushikwa, kisha akamwacha aende peke yake na kuonja ugumu wake.

Aldo Leopold alisoma elimu ya misitu katika chuo cha Yale, akamaliza mwaka 1909, akapelekwa kufanya kazi katika nchi kavu ya kusini-magharibi. Wakati ule yeye, kama wenzake wote, alidhani kwamba mbwa mwitu wakipungua, ayala watazidi, na kwamba hiyo itakuwa heri ya wawindaji. Siku moja yeye na wenzake walimpiga mbwa mwitu mzee, jike mwenye watoto, wakamfikia naye hajakata roho. Alivyoyatazama macho yake yakizimika, aliingiwa na shaka ambayo haikumtoka. Baadaye aliona milima ambayo mbwa mwitu wameuawa wote, na ayala wamezidi kuliko majani. Walikula kila mche mchanga, kisha wakafa wenyewe kwa njaa.

Mwaka 1933 alifanywa mwalimu katika chuo kikuu cha Wisconsin, wa kwanza katika Marekani kufundisha utunzaji wa wanyama wa mawindo. Huko alikuta jambo lile lile limeanza. Kwa kuwa wawindaji waliua madume tu kwa miaka mingi, na mbwa mwitu wamepunguzwa, ayala walijaa katika misitu ya kaskazini. Theluji ilipokuwa nyingi walikusanyika mabondeni, wakala majani yote waliyoweza kuyafikia, na watoto, ambao hawakufikia matawi ya juu, walikufa kwanza. Leopold na wenziwe wakatoa shauri kwamba majike pia wawindwe, idadi ipungue kabla msitu haujaharibika.

Mwaka 1943 shauri hilo lilikubaliwa, na Leopold mwenyewe aliwekwa katika baraza la jimbo la kuangalia mambo hayo. Katika msimu wa mwaka huo ayala zaidi ya 128,000 waliuawa. Watu wakakasirika mno. Baba waliokuwa wamefundishwa na baba zao kwamba mwungwana hapigi jike, waliona kwamba serikali imewaagiza kutenda uovu mbele ya watoto wao. Leopold alitukanwa katika magazeti na katika mikutano hata miaka yake ya mwisho. Tusiwacheke watu wale. Mpaka waliourithi ulikuwa mwema siku ulipowekwa, maana mwaka 1915 ayala walikuwa wachache, na kumwacha jike kulikuwa kuokoa kizazi. Lakini walishika neno la sheria, wakasahau sababu yake. Ndiyo hatari ya kumwambia mtoto afanye hivi au asifanye, bila kumwambia kwa nini.

Nyumbani kwake Leopold hakuliacha jambo hilo liwe maneno tu. Mwaka 1935 alinunua shamba lililochoka kando ya mto Wisconsin, lenye kibanda kilichokuwa banda la kuku, na yeye na mkewe na watoto wao watano walikwenda huko siku za mapumziko kupanda miti, maelfu kwa maelfu. Aliwinda ayala kwa upinde, naye alizoea kujichongea pinde kwa mikono yake. Mkewe, Estella, alikuwa bingwa wa shabaha ya upinde miongoni mwa wanawake wa jimbo lile. Leopold alikwenda na mwanawe Starker mpaka milima ya Mexico kuwinda kwa pinde, mahali ambapo mbwa mwitu na ayala walikuwa wangali pamoja na msitu ni mzima. Watoto wote watano, wa kiume na wa kike, walitumia maisha yao katika elimu ya viumbe na ya nchi, na watatu kati yao walichaguliwa kuingia katika Chuo cha Sayansi cha Taifa. Leopold alikufa tarehe 21 Aprili 1948 alipokuwa akisaidia kuzima moto katika shamba la jirani. Kitabu chake kilicho mashuhuri kilitoka mwaka 1949.

Kwa habari ya ayala wenyewe, walirudi. Mwaka 1937 ilitungwa sheria kwamba kodi ya bunduki za mawindo na risasi itumiwe kuwatunza wanyama, hivyo kila mwindaji hulipia kuwahifadhi wale anaowawinda. Leo ayala wa Mkia Mweupe katika Marekani wahesabiwa kuwa karibu milioni 30, na mahali pengi huingia hata bustani za watu mjini. Kwa upande wa usalama, mwaka 1949 jimbo la New York lilikuwa la kwanza kuwalazimisha vijana wasome mafunzo kabla ya kupewa leseni, na majimbo mengine yakafuata. Katika Wisconsin kila aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1973 hana budi kusoma mafunzo hayo kabla ya kuwinda peke yake.

Hatuwezi kuacha kutaja wale Waojibwe tulioanza nao. Katika mkataba wa mwaka 1837 waliitoa nchi yao kubwa kwa serikali, lakini walijiwekea haki ya kuwinda na kuvua katika nchi ile. Walakini jimbo liliwashika na kuwatoza faini kwa miaka mingi, kana kwamba mkataba haukuandikwa. Baba wa Kiojibwe aliyemfundisha mwanawe kuwinda nje ya ardhi waliyotengewa alikuwa katika hali ile ile ya mkulima wa Kiingereza wa zamani. Mwaka 1983 mahakama ya rufani iliamua kwamba haki zile hazikufutwa kamwe. Watu waliokimbia ayala wa mfalme walikuwa wamewafanyia wenzao yale yaliyowakimbiza.

Sasa tutaje jambo la karibu. Zamani katika Wisconsin mtoto hakuwinda kwa bunduki mpaka afike miaka 12. Mwaka 2009 aliruhusiwa tangu miaka 10, akiwa na mtu mzima kando yake, na wawili hao wachukue bunduki moja tu kati yao. Mnamo Novemba 2017 sheria mpya iliondoa kiwango cha umri kabisa, ikaruhusu pia mtoto na mkubwa wake wawe kila mmoja na bunduki yake. Katika msimu ule wa kwanza leseni ziliandikwa hata kwa majina ya watoto wachanga wasiotimiza mwaka mmoja. Waliotetea sheria hiyo walisema kwamba baba na mama wamjua mtoto wao kuliko serikali imjuavyo, na kwamba wawindaji wanapungua, basi watoto wasipoanza mapema desturi itakufa. Waliopinga, na miongoni mwao walikuwamo walimu wa mafunzo ya uwindaji, walisema kwamba mtoto mdogo hana nguvu ya kushika bunduki wala akili ya kujua kwamba risasi haiitwi ikarudi.

Kwa maoni yetu pande zote mbili zina neno la kweli, na kwa hiyo mzigo wote wamwangukia mzazi. Serikali ikiisha kuondoa umri, ndipo mzazi awe na umri huo moyoni mwake. Mtoto wa miaka 6 aweza kwenda msituni akajifunza mengi pasipo kushika bunduki: kunyamaza, kuujua upepo watoka wapi, kusoma nyayo, kungoja tangu alfajiri mpaka jua kupanda, na kurudi nyumbani bila kitu wala kununa. Asiyeweza hayo hana haja ya bunduki bado. Sharti moja sheria ile ya 2017 haikuliondoa, nalo ndilo lililo bora: mkubwa awe karibu na mtoto kadiri ya kumfikia kwa mkono.

Huku kwetu mambo yamekwenda njia nyingine. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yaliyotawala Afrika yalipatana mjini London juu ya kuwahifadhi wanyama wa bara hili, na sheria zilizofuata zikamfanya mwenyeji aombe ruhusa kwa nyama aliyoila babu yake bila kuuliza. Kenya ilipiga marufuku mawindo yote ya wanyama mwaka 1977, na marufuku hiyo ingali ikishikwa. Watoto wetu wengi, basi, hawataongozana na baba zao kumfuata swala. Lakini ni nani asiyemwona mtoto mwenye manati, akiwinda njiwa nyuma ya nyumba? Mtoto huyo naye ataka kuambiwa ndege yupi apigwe na yupi aachwe, kwa nini yule mwenye makinda kiotoni asiguswe, na kwamba jiwe lisirushwe upande usioonekana, maana huenda pana mtu. Hakuna askari atakayekuja kumwambia hayo. Hapana budi mtu wa nyumbani amwambie, naye awe karibu kadiri ya kumfikia kwa mkono.